Waya wa Kilio

Fundi Masumbuko alizikwa Jumatatu, na Jumatano nilipanda pikipiki kwenda Mulongwe kwenye kilio chake, nimebeba kidumu cha mawese na neno moja ambalo nilipaswa kumwambia yeye mwenyewe miaka ishirini na kitu iliyopita. Nimechelewa, najua, wala sitafuti wa kunihurumia. Ninafundisha umeme katika shule moja ya ufundi hapa Uvira, na wanafunzi wangu wananicheka kwa sababu ya swali langu moja. Mtu akinionyesha waya, namuuliza, "Inatoka wapi?" Akinijibu, namuuliza tena, na tena, mpaka twende wote wawili kuufuata kwa miguu. Nasikia jina langu huko darasani ni Mama Inatoka-wapi. Sijawahi kuwaeleza swali hilo nililiokota wapi. Nililiokota mwaka ule nyaya za mtaa wa zamani zilipobadilishwa, kule chini karibu na ziwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Katogota na cheti changu, na viatu vya kufunga kamba vilivyonizidi ukubwa.

Mtaa wenyewe, wanaoujua watautambua. Nyumba zake ni za matofali ya kuchoma, za wakati wa Wabelgiji, zenye baraza pana na sakafu nyekundu ya saruji ambayo wanawake waliisugua kwa nta hadi mgeni akateleza. Kila moja ilijengwa kwa ajili ya bwana mmoja na mkewe. Wakati wangu kila moja ilikuwa na familia tatu au nne, na uani vyumba vya mabati vimeongezwa mpaka ukutani kwa jirani. Watu waliongezeka, umeme ukabaki ule ule. Nyaya za ndani zilikuwa zimefunikwa kitambaa, kimekuwa cheusi kwa moshi, na ukikigusa kinamomonyoka kama mkate uliokauka. Nje ilikuwa shaba tupu juu ya nguzo za chuma zilizoliwa na kutu chini, pale mbwa wanapokojolea. Mistari ilikuwa miwili, mmoja kila upande wa avenyu: sisi tuliita mstari wa mlima na mstari wa ziwa. Wa ziwa ndio uliokuwa mgonjwa zaidi. Jioni, watu wakirudi na kuwasha vitu vyao, balbu zake zilififia hadi rangi ya chai ya rangi.

Kampuni iliamua kubadilisha yote: nguzo mpya, kebo zilizovikwa mpira, na kila nyumba mita yake. Lakini kabla ya kukata cha zamani ilibidi kujua nani anapata umeme kutoka kwa nani, kwa sababu katika mtaa ule mwenye nyumba alimpa jirani, jirani akampa mpangaji, mpangaji akampa kinyozi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Niliingia nyumba baada ya nyumba na daftari kubwa lenye jalada gumu, nikaandika kila waya unaoingia na kila waya unaotoka. Fundi Masumbuko ndiye aliyekuwa mkuu wa wapanda nguzo. Alikuwa mtu mfupi, anacheka kwa mabega bila kutoa sauti, na akimsalimu mama mzee anachuchumaa kwanza. Siku ya kwanza alichukua daftari langu, akalipima uzito mkononi, akanirudishia.

"Riziki, minye nikiwa kule juu sina macho," alisema. "Macho yangu ni hii kaye yako. Waya yenye haiko mu kaye, kwangu haiko. Unanielewa?"

Nilimwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli, na ndiyo maana yaliyofuata siwezi kuyaita ujinga. Watu wa mtaa walimpenda kupita kiasi. Pasi ikiungua, redio ikinyamaza, waliita Masumbuko, na alikuwa akiwakatalia kwa uchungu, kwa maana kampuni ilikuwa kali juu ya hilo: mfanyakazi atakayekamatwa amevuta waya nje ya kazi anafukuzwa siku hiyo hiyo. Alinionyesha pia kifaa walichokiita munyororo, kamba nene ya shaba yenye kulabu. Ukiukata mstari, unaufunga na ardhi kwa munyororo huo, ili umeme wowote uliopotea njia ushuke udongoni badala ya kupitia kwa mtu. Ulikuwa mmoja tu kwa timu nzima.

Nilipanga kwa Mama Apolina, upande wa ziwa, katika chumba kidogo ambacho zamani kilikuwa stoo ya chakula ya Wazungu. Darini kulibaki kulabu za kutundikia nyama, nami nikatundika gauni langu la Jumapili. Tulikula koridoni, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na balbu iliyokubali kuwaka: bugali wa muhogo, ndagala na nyanya, sombe ya majani ya muhogo iliyoelea mawese, na Jumapili mukeke wa kukaanga, samaki wa ziwa letu, ambaye Mama Apolina alimgawa kwa haki ya hakimu, kichwa kikienda kwa mumewe kila mara. Mumewe, Papa Apolina, alikuwa mtu wa maneno machache na ugomvi mmoja. Alikuwa hasemi na Mzee Saleh, jirani wa ng'ambo ya avenyu, kwa sababu ya mfereji wa maji ya mvua. Kupitia mlango wangu mwembamba niliwasikia yeye na mkewe wakibishana kwa Kifuliiru juu ya mfereji huo, naye mama akimwambia kwamba wote wawili watakufa na maji yataendelea kupita. Nilijilaza nikacheka kimya. Sikujua kwamba Papa Apolina ataondoka mwaka huo huo.

Alifariki wakati wa kiangazi, juma ambalo nilikuwa nimekwenda Katogota kusaidia mavuno ya mpunga. Niliporudi nilikuta hema la turubai uani, viti vya plastiki, wanawake wakipepeta mchele, na Papa Apolina ameshazikwa. Juu ya avenyu ulipita waya mweupe mpya, kutoka dirisha la Mzee Saleh hadi dirisha la koridoni kwetu. Anayetoka mbali na mtaa ule huenda asielewe, kwa hiyo nieleze. Nyumba yenye msiba haikukaa gizani. Mwenye umeme mzuri alimpelekea mfiwa waya, hata kama hawajasalimiana mwaka mzima, ili kilio kiwe na taa na waimbaji wawe na kipaza sauti. Hakuna aliyeuliza ni nani ameuvuta, hakuna aliyeshukuru, na hakuna aliyeuondoa kabla ya siku ya kuondoa kilio. Kuuondoa mapema ni kama kumfukuza marehemu. Waya wetu uliunganishwa kwenye kisanduku cha fuzi cha koridoni, na kanuni yake ilikuwa moja. Kwanza unatoa fuzi ya kauri ya mstari wa ziwa, ndipo unachomeka waya wa kilio. Usipotoa fuzi, umeme wa Mzee Saleh, wa mstari wa mlima, utapita ndani ya nyumba na kutoka upande wa pili, hadi juu ya nguzo. Asubuhi waya ulichomolewa na fuzi ikarudishwa. Mama Apolina aliijua kanuni hiyo. Mimi pia.

Zamu ya kuandika nyumba yetu ilifika siku chache baadaye. Niliketi koridoni na daftari, Mama Apolina mbele yangu anachambua maharage kwenye ungo, kichwa kimefungwa kitambaa cha ujane. Niliandika: mstari wa ziwa, mita moja, inatoa kwa nyumba tatu. Kisha macho yangu yakapanda dirishani, na kalamu ikasimama.

"Na ile, mama?"

"Ile gani?"

"Ile waya ya kwa Mzee Saleh."

Aliacha kuchambua. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia na viatu penye mkeka.

"Ile haiko waya, Riziki. Ile ni kilio. Utaandika na kilio ya bwana yangu mu kaye ya kampuni?"

Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Nilifunga daftari. Nilijiambia kwamba baada ya majuma mawili kilio kitaondolewa, waya utashuka, na timu haitafika upande wetu kabla ya hapo. Nilijiambia pia kwamba Fundi Masumbuko ana macho, anapita chini ya waya ule kila siku, na yeye ni mtu wa hapa hapa. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu. Timu ilifika siku nne kabla ya kuondoa kilio.

Asubuhi hiyo walikata mstari wa ziwa. Masumbuko aliujaribu kwa balbu yake yenye nyaya mbili, akakuta umekufa. Munyororo ulikuwa ndani ya gari, na gari lilikuwa limeondoka na enjinia wa kampuni kwenda kutafuta bolti. Masumbuko alingoja kidogo, akatazama jua, akapanda. Mimi nilikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu, kwa mke wa fundi cherehani, naandika nyaya zake huku ananimiminia chai. Ilikuwa yapata saa nne. Juu ya vichwa vyetu balbu ikaanza kuwa nyekundu, polepole, kama kaa linalopulizwa.

"Kuran imekuya!" alisema yule mama, akaupigia umeme makofi.

Nyumba ya pili walisikika nao, na ya tatu, kisha avenyu nzima ya upande wa ziwa ikapiga vigelegele, watoto wakaruka barazani, kama ilivyo kawaida yetu umeme unaporudi. Mimi niliitazama ile balbu nikajiuliza: inatoka wapi? Nilikuwa na jibu kabla swali halijaisha. Nilikimbia, viatu vile vikubwa vikanitoka, nikaviacha barabarani. Sikukimbilia nguzo, nilikimbilia nyumbani. Koridoni nilimkuta shangazi mmoja aliyekuja kusaidia mapishi, amechomeka waya wa kilio ili apige pasi vitenge vya sare. Fuzi ya kauri ilikuwa bado mahali pake. Hakuna aliyemwambia. Niliung'oa waya kwa mikono yangu. Nje vigelegele vilikuwa vimekatika, na sauti iliyovifuata sitaieleza.

Alikuwa ananing'inia kwenye mkanda wake, kichwa chini, kofia imeanguka. Walimshusha kwa ngazi mbili zilizofungwa pamoja. Alikuwa hai. Hospitalini walimkata vidole vitatu vya mkono wa kuume, na viwili vilivyobaki havikujikunja tena. Kabla enjinia hajarudi na bolti zake, Mama Apolina alikuwa amekwisha kuushusha waya wa kilio, akauviringisha vizuri, akausukuma chini ya kitanda chake. Hakusema neno, nami sikusema. Zilibaki siku nne. Sijawahi kuona, kabla wala baada, mjane akiushusha waya kwa mkono wake mwenyewe na kilio bado kimekaa.

Uchunguzi ulifanyika ofisini majuma kadhaa baadaye, Masumbuko akiwa na mkono umefungwa bandeji kubwa kama boga. Enjinia alifungua daftari langu mezani.

"Mademuazeli, mu liste yako kwiko waya yenye kukata avenyu?"

Nilifungua kinywa. Naapa nilikuwa nataka kusema. Nilimtazama Masumbuko, naye akanitazama, muda mrefu, macho yamejaa maji. Kisha akayashusha.

"Haikuwa waya, Enjenia," alisema yeye. "Ni minye sikuweka munyororo. Makosa iko yangu."

Enjinia aliandika kwamba labda mtu fulani aliwasha jenereta, na kwamba mkuu wa timu hakufunga mstari na ardhi. Nilitoka ofisini. Nilijua kilichotokea, au nilidhani najua: alikuwa ameuona waya, akajua mimi niliuruka, akajibebesha kosa langu ili nisipoteze kazi. Usiniulize kwa nini sikumfuata nje nikamwambia asante au nisamehe. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi ya hilo.

Kazi iliendelea. Kabla mwaka haujaisha mtaa ulikuwa na nguzo mpya na kebo nyeusi, kila nyumba mita yake, na balbu ya koridoni kwetu iliwaka nyeupe hata jioni, ikatuonyesha uchafu wa kuta tuliokuwa hatuujui. Mama Apolina aliikodolea macho akasema bwana yake hakuiona, akaendelea kula. Masumbuko hakupanda tena. Walimweka stoo agawe vifaa. Huko ndiko nilikomfuata, nikamwomba anifundishe, na alinifundisha kwa mkono wa kushoto: kufunga kebo, kujaribu, kujaribu tena, kuweka munyororo hata kama gari limekwenda mpaka Bujumbura. Umeme wote ninaoujua niliupata pale, kati ya makreti ya vikombe vya kauri vya kushikia nyaya, vilivyotolewa kwenye nyumba za zamani. Kila siku nilijiambia leo nitamwambia.

Baadaye nikaenda kufundisha, na ikawa kila Mwaka Mpya nampelekea ndagala nyumbani. Alinipokea kwa heshima iliyonichoma. Alinipa kiti chenye mikono, yeye akakaa kwenye kigoda, na mkewe, Mama Esperansi, hakuruhusiwa kunituma hata kuleta maji. Nikiaga, alinishika mkono kwa vile vidole viwili.

"Aksanti, Riziki. Weye unajua ni juu ya nini."

Mwanzoni nilidhani ni kwa ajili ya ndagala. Kisha nikaamini kwamba ananikumbusha, kwa upole, kwamba anajua. Miaka mingine nilimchukia kwa upole huo. Nilitamani anitukane mara moja tuishe.

Sasa sehemu ya chini ya mtaa ule imeingiliwa na ziwa, nguzo tulizosimamisha zimesimama majini, na Mama Apolina alifariki zamani. Kwa hiyo Jumatano, nilipofika Mulongwe, palikuwa pamebaki mtu mmoja wa kuambiwa. Mama Esperansi alikuwa ameketi chumbani kwenye godoro, miguu imenyooshwa, wanawake wawili wamemzunguka. Niliomba watupishe. Nikapiga magoti, nikasema yote kwa pumzi moja: kwamba waya wa kilio cha Papa Apolina niliuona, kwamba daftari lilikuwa mbele yangu, kwamba sikuuandika.

Alinisikiliza hadi mwisho, akanipapasa bega.

"Tunajua, mama. Njo maana alikuwa anakuheshimu vile."

Sikuelewa. Alijisogeza, akapunguza sauti, ingawa hakukuwa na mtu.

"Ile waya ni yeye aliivuta. Weye ulikuwa Katogota. Mama Apolina alikuya hapa asubuhi mapema, bwana yake angali mu nyumba, hajazikwa. Masumbuko angemukatalia namna gani? Akaenda, akaivuta, akaifunga. Kama kampuni ingejua, wangemufukuza, na ule mukono, tungekula nini? Siku zote alikuwa anasema: 'Riziki alijua ni minye niliivuta, tena enjenia alimuuliza mbele yangu, na alinyamaza. Alinifichia. Minye na batoto bangu tulikula sababu ya ule mutoto.'"

"Lakini kama ni yeye aliivuta," nilisema, "alipanda vipi?"

Mama Esperansi alitazama mikono yake.

"Na minye nilimuuliza. Akasema: 'Asubuhi ile nilipita mu kichwa waya zote za mtaa, moja moja. Ile moja sikuipitia. Kwangu haikuwa waya, ilikuwa kilio.'"

Nililia hapo, kwa sauti, na mle ndani hakuna aliyeshangaa, kwa maana kilio ni mahali pake. Yale macho ofisini, niliyoyabeba miaka yote kama msamaha, yalikuwa yananiomba. Mtu yule alikuwa ananiogopa. Aliketi kwenye kigoda mbele yangu miaka yote hiyo akinishukuru kwa wema ambao sikuutenda, nami nikimletea ndagala kulipia kosa ambalo alidhani ni lake. Nilikuwa na nafasi ya kumwachia mjane hadithi yake nzuri. Niliifikiria. Kisha nikaona nimenyamaza vya kutosha.

"Mama, minye sikujua ni yeye. Sikumufichia. Niliogopa kazi yangu, njo maana nilinyamaza."

Aliangalia dirishani, uani walikokuwa wakikosha masufuria. Kisha akacheka kidogo, machozi yakimshuka.

"Basi muliogopana tu, nyiye wote wawili," alisema. "Miaka yote ile, na munakula mu sahani moja."

Akaniambia nisitoke bila kula. Nilikula bugali na maharage uani, chini ya turubai, pamoja na wanawake wengine. Juu yetu, toka paa la jirani wa pili, ulipita waya mweupe ukaingia dirishani. Nilimuuliza kijana aliyekuwa karibu ni nani ameuvuta, akanitazama vile vile nilivyotazamwa koridoni mwaka ule. Sikumuuliza mara ya pili. Niliosha mikono, nikaufuata mwenyewe kwa miguu, mpaka kwa jirani na kurudi, nikaangalia kisanduku cha fuzi. Kisha nilichana kipande cha katoni ya sabuni, nikatoa kalamu kwenye mkoba. Mama Esperansi alikuwa ametoka kusimama mlangoni, ananitazama. Hakunizuia. Niliandika kwa herufi kubwa, nikaifunga kwa uzi pale waya unapoingia ndani, mahali ambapo kila mtu ataisoma kabla ya kugusa: KILIO CHA FUNDI MASUMBUKO. INATOKA NYUMBA YA PILI. TOA FUZI KWANZA.